Daftari la Chai Lililopigwa Muhuri

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Usalama wa Taifa,
Ghorofa ambayo sijaruhusiwa kuijua.

Mheshimiwa,

Kuhusu: Daftari langu, toroli langu, na mama wa machungwa

Natumaini barua hii inakukuta mzima, popote ulipo katika jengo hili. Mimi ni mpika chai wa Idara, yule mnayemwita Mama Chai, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kulalamika kwa maandishi. Hata lifti iliponifungia saa mbili pamoja na birika la moto nilinyamaza, nikasema ni kazi. Lakini sasa maji yamezidi unga.

Wiki tatu zilizopita maofisa wawili wa ghorofa ya tatu waliingia jikoni wakachukua daftari langu la chai, lenye jalada la bluu, linalokaa juu ya kabati la vikombe. Wakalipiga muhuri wa SIRI KUU. Nilipoomba walau ninakili nani anakunywa nini, niliambiwa kwa upole mkubwa kwamba sina kibali cha kusoma siri za daraja hilo. Mwandiko ni wangu, Mheshimiwa! Tangu siku hiyo toroli langu limefungwa kwa mnyororo kwenye bomba la stoo, nami nimekatazwa kupanda ngazi mpaka daftari lifasiriwe. Lisipofasiriwa hadi mwisho wa mwezi, nitapelekwa kwenye ghala la samani chakavu nje ya mji, nikalinde viti. Naomba kazi yangu, na sababu zangu ni hizi:

1. Idara yetu imepangwa vizuri sana, hilo sipingi. Ghorofa ya kwanza hupokea taarifa. Ya pili huzihakiki. Ya tatu huzifasiri. Ya nne huwachunguza wale wa tatu. Ya tano huficha kilichopatikana. Ya sita sijui, maana mlango wake hauna kitasa upande wa nje. Nikigonga mara mbili, hutoka mkono ukachukua kikombe. Hakuna ghorofa inayoruhusiwa kujua nyingine inafanya nini. Chati ya muundo mliyotugawia mwezi wa kwanza ilikuwa na visanduku vyote vimepakwa wino mweusi, isipokuwa kile cha mwenye nakala. Mimi nilipewa nakala nyeusi tii, kwa kuwa sina kisanduku. Niliitandika chini ya birika, na inafaa.

Basi watu hawa wanajuanaje? Hawajuani. Mimi ndiye niliyekuwa nawajua, kwa daftari. Bwana Mkavu wa ghorofa ya pili, bila sukari. Vijiko Vitatu wa ghorofa ya nne, na mkewe asiambiwe. Yule wa tano anayetaka tangawizi lakini ukimuuliza anakana, kwa mazoea ya kazi.

2. Mwaka juzi ghorofa ya pili ilimtuma Bwana Mkavu kumfuatilia mtu wa kutiliwa shaka kwa miezi minane. Kosa la mtu huyo ni kwamba kila Bwana Mkavu alipokwenda, naye yupo. Mtu mwenyewe ni Vijiko Vitatu, ambaye miezi hiyohiyo ghorofa ya nne ilikuwa imemtuma kumfuatilia Bwana Mkavu. Wote wawili walipewa vyeti vya uvumilivu. Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wote walirudi na tope la aina moja kwenye ngazi nilizotoka kupiga deki, na wote walilalamikia kibanda kimoja cha chai mtaa wa mafundi viatu, kwamba chai yake ni maji ya kusuuzia vyombo. Sikusema. Sikuulizwa, na tena mimi ni mtunza siri.

3. Tangu toroli lifungwe, ghorofa zote sita zinashuka jikoni zenyewe. Wanapanga foleni moja, kila mtu amejifunika uso kwa gazeti, wengine wamelishika juu chini. Juzi wawili waligongana vikombe, magazeti yakaanguka, wakakuta ni majirani wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na moja. Kila mmoja alikuwa anaamini mwenzake anauza bima. Mmoja wao hata alishakata bima kwa mwenzake, na sasa anataka maelezo.

Halafu kuna yule bwana wa chumba kisicho na kibao. Chumba hakina kibao kwa sababu kibao kingefichua kilichomo. Alikwenda likizo, akarudi, akakipoteza. Kabla ya mnyororo alikuwa akifuata nyuma ya toroli langu kila asubuhi mpaka mlangoni, na mimi kwa heshima sikugeuka kumtazama. Sasa ni wiki ya tatu anakaa jikoni juu ya gunia la sukari, ananimenyea tangawizi. Si mvivu, nasema kweli, ila anahitaji kurudi kwake.

4. Sijui ghorofa ya tatu wanasoma nini kwenye daftari langu. Nasikia tu kwenye foleni. Maofisa wawili wametumwa stesheni kusubiri treni mbili zilizoondoka saa moja, kila moja ikielekea kwa mwenzake, ili wajue zitapishana wapi. Wana siku ya tisa pale na wameishiwa na soksi. Wanne wengine wako juu ya paa wanalinda tangi la maji kwa saa ya mkononi, kwa kuwa imegundulika kuna bomba linalojaza na bomba linalotoa. Bustani ya mbele nayo imepimwa, urefu wake ukaonekana ni mara mbili ya upana, basi tumekatazwa kuikanyaga. Miaka kumi na tisa nimeandika sukari na maziwa. Habari za treni sijawahi kuandika. Lakini wao wamesoma, mimi ni mpika chai, nitabisha nini?

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumanne walimchukua mama anayeuza machungwa getini, mjane wa watu, ambaye hata wewe Mheshimiwa huenda umekula chungwa lake. Ghorofa ya tatu inasema ina uhakika kwamba alikuwa na machungwa arobaini na nane, akawagawia watu sita sawasawa, na machungwa sita hayajulikani yalipo. Wanataka majina ya hao watu, na wanataka machungwa. Yeye anawaambia yeye anauza, hagawi. Ghorofa ya pili ikahakiki kapu, ikakuta yamo hamsini na mawili, na hilo likaandikwa kuwa ni ujanja wa hali ya juu. Naruhusiwa kumpelekea maji tu. Jana alinishika mkono akaniuliza, Mama Chai, wewe si uko humu siku zote, kwani nimefanya nini? Nimelia jikoni, na bwana wa tangawizi amelia pamoja nami.

6. Kwa hayo yote naomba jambo moja dogo. Chati ichorwe upya, niwekwe katikati, mistari yote ipite kwangu. Kiitwe Kitengo cha Chai na Uratibu. Kila ghorofa iripoti kwangu saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na chapati moja juu yake kwa anayesema ukweli. Wewe ubaki juu, cheo chako sikitaki. Sababu yangu kubwa ni hii: kwa miaka kumi na tisa siri yote ya Idara imelala juu ya kabati la vikombe, na jicho la mtu wa nje halijawahi kuigusa. Nani mwingine humu anaweza kuapa hivyo?

Nisalimie ghorofa zote, kila moja peke yake ili isijue nimeisalimia nyingine. Mwenye ule mkono wa ghorofa ya sita mwambie akate kucha, ananipasulia vikombe.

Wako katika moshi wa jiko na utii,

Mama Chai
Jikoni, chini kabisa (haipo kwenye chati)

Nyongeza: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena. Mume wangu, mlinzi mstaafu, anasoma hesabu kwenye elimu ya watu wazima. Daftari lake na langu tulinunua duka moja, majalada ya bluu yote. Leo mwalimu wake amerudisha madaftari ya kusahihishwa, na alilorudishiwa mume wangu ni langu. Bwana Mkavu yumo, Vijiko Vitatu yumo, vyumba vyote, ghorofa zote sita, kwa wino mwekundu: "Jedwali safi sana, ila swali halikuwa hili. Mbili juu ya kumi." Tena kwa usafi wake mwalimu amelinakili kwenye karatasi kubwa, liko ukutani wiki ya tatu, na wanafunzi arobaini wamelikariri. Sasa nakumbuka nililipeleka nyumbani siku moja tu, usiku wa kuamkia siku waliyokuja wale maofisa, kulibandika jalada. Basi nilirudi na la kwake.

Mama wa machungwa yumo kwenye kitabu cha hesabu cha mume wangu, ukurasa wa tisa, swali la nne. Arobaini na nane kwa sita ni nane, hakuna kinachobaki. Hayo machungwa sita mnayoyatafuta hayajawahi kuwepo. Ni mume wangu hajui kugawanya, aliandika saba saba, zikabaki sita. Mwachieni leo hii, kabla barua haijaanza kupanda ghorofa. Viti nitakwenda kuvilinda mwenyewe.