Nyaya Sita Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jana nilifedheheka mbele ya wastaafu themanini. Mama Mwenyekiti wa chama chetu anahutubia, maiki ikakata. Ikarudi. Ikakata tena. Hotuba yote ilimezwa na waya, kilichosikika ni kikohozi chake tu.

Leo asubuhi kaniita. Kasema hana ugomvi na mimi, ana ugomvi na nyaya. Kanipa fedha za chama ninunue nyaya sita za maiki, imara na za bei nafuu, kabla ya Jumamosi. Siku hiyo saa nne asubuhi chama kinatimiza miaka ishirini, wageni watakuja, kwaya ya akina mama itaimba. Maiki ikikata hata mara moja, funguo za chumba cha mitambo zinakwenda kwa Antena.

Antena! Fundi redio mstaafu, mrefu, mwembamba, masikio yamechomoza. Alikuwa amesimama mlangoni anajidai kusoma ubao wa matangazo. Tangazo lenyewe la mwaka juzi.

Sitoi funguo mimi. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachopanda wala kushuka kwa amri yangu. Watoto wamekua, redio ni ya mama watoto, hata chumvi napangiwa. Lakini pale kwenye mashine ya sauti, nikigusa kitufe, Mwenyekiti mwenyewe ananitii.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Duka la vyombo vya muziki. Muuzaji ni mama mmoja wa miwani, anaongea kama mwalimu wa darasa la pili, na mimi darasa la pili sikulipenda, ndiyo maana nililirudia. Kasema uimara wa waya hautazamwi kwa unene. Nitazame kama ndani shaba imejaa, na kichwa chake kiwe cha chuma, kifunguke kwa skrubu, ili ukichomoka ulehemiwe badala ya kutupwa. Kanionyesha waya mwembamba kama mkia wa panya. Bei ya wastani. Nikauliza kama naweza kuuvuta kwa nguvu. Akasema babu, huyu si ng'ombe.

Halafu akauliza nikimaliza kazi nyaya nazikunjaje. Nikamwonyesha: kiganja, kiwiko, kiganja, kiwiko, kaza, piga fundo. Kama marehemu baba alivyokunja kamba. Mama wa watu akashika kichwa. Eti kila zungusho la kiwiko linaivunja shaba kwa ndani, kidogo kidogo. Eti zikunjwe duara pana, kwa upole, zinavyotaka zenyewe.

Zinavyotaka zenyewe! Waya sasa una matakwa! Mimi miaka arobaini ya ndoa sijaulizwa nataka nini.

Nikatoka. Pale nje, mchuuzi kapanga nyaya nene kama kidole gumba, nusu ya bei. Kaapa zinaweza kuvuta lori. Nikachukua sita. Chenji nimeibakiza mfukoni kwangu, kwa usalama wake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jaribio la uimara. Ncha moja ya waya nimeifunga kwenye geti, nyingine nikamkabidhi jirani yangu seremala. Tukavuta wote wawili. Geti likang'oka. Waya mzima!

Nikamkumbatia seremala. Mama watoto akatoka na mwiko mkononi, akauliza sasa wezi watapita wapi. Nikamjibu watapita wanapotaka, nyumba hii kila mtu ana uhuru isipokuwa mimi. Hakucheka. Seremala alicheka kwa niaba yake, kisha akaenda kuleta misumari.

Nimelala na nyaya sita chini ya kitanda. Antena atanikoma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mazoezi ya kwaya ukumbini. Nyaya mpya hadharani.

Wa kwanza kimya. Wa pili unakoroma. Wa tatu umenasa redio, mtu anasoma bei za mahindi katikati ya wimbo. Wa nne unafanya kazi ikiwa mwimbaji hapumui. Wa tano kama wa kwanza. Wa sita ndio ule wa geti, umerefuka nusu hatua na hausemi kitu.

Antena hakuitwa, akaja. Akatoa wembe, akauchana mmoja mbele ya watu. Mpira. Mpira. Mpira. Katikati kabisa, uzi wa shaba kama sharubu za paka. Akaunyanyua juu wote wauone. Akasema, mzee mwenzangu, umenunua kandambili ndefu.

Akina mama wakacheka mpaka wakaegemeana, mama watoto akiwa wa kwanza. Yeye ndiye sauti ya kwanza kwenye kwaya, kwa hiyo hata kicheko chake kinasikika zaidi.

Mwenyekiti hakucheka. Kasema Jumamosi, saa nne. Akatazama mfuko wangu wa shati, ule wenye funguo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mbinu mpya: kujipendekeza. Nimekwenda kwa Antena na ndizi mbivu na uso wa mgonjwa. Nyaya zake zimetundikwa ukutani duara duara kama matairi ya baiskeli. Ushamba. Nikaisifu nyumba, nikamsifu mkewe, nikamsifu hata paka. Nikaomba kuazima nyaya mbili tu, kwa asubuhi moja.

Antena akala ndizi tatu kwanza. Ndipo akasema tangu mwaka jana naeneza kwamba yeye kaiba waya wa bluu wa chama. Sasa mwizi anaazimishaje vitu? Nikasema ule ulikuwa utani. Akasema basi utani huo nikaufute mbele ya watu. Nikasema siwezi kufuta ukweli.

Limenitoka tu! Nikaaga. Ndizi zikabaki.

Lakini ushahidi ninao. Waya ule ulikuwa mpya, nikauleta nyumbani uwe salama, kesho yake haupo. Na siku hiyo Antena alipita kwangu kuomba kiberiti. Mahakama gani itamwachia?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa mbili niko ukumbini na nyaya kuukuu zote. Saa tatu na nusu amebaki hai mmoja. Dakika kumi baadaye, naye marehemu. Wageni wanaingia. Antena kakaa mstari wa mbele, kavaa koti.

Nikakimbia nyumbani, mitaa miwili, kufuata chuma cha kulehemu. Napita uani, shuka bichi likanipiga usoni. Nikalisukuma. Limeanikwa juu ya kitu cha bluu.

Waya wa bluu! Kamba ya nguo! Ncha moja kwenye msumari, nyingine kwenye nguzo, vichwa vyote viwili mama watoto kavifunga mifuko ya plastiki visiingie kutu. Mwaka mzima! Na mimi mwaka mzima napita chini yake nikimtukana Antena. Sikuwahi kuanika nguo, kamba ningeijulia wapi?

Nikauvuta. Mashuka matatu na gauni lake jipya, matopeni. Sikugeuka nyuma.

Nikarudi ukumbini mbio, nikachomeka. Mwenyekiti akasema habari za asubuhi, na habari za asubuhi zikafika mpaka ukuta wa nyuma, kila neno limepigwa pasi. Nikakaa juu ya kasha la spika. Maiki moja, waya mmoja, hotuba nne na kwaya nzima, haukukohoa hata mara moja. Machozi yalinitoka. Niliwaambia waliokaa karibu ni vumbi.

Mama watoto aliposogea mbele kuimba, akautazama waya. Akanitazama mimi. Hakukosea sauti, lakini ubeti mzima wa shukrani aliuimba kwa macho ya shari.

Halafu Antena akaja mezani kwangu. Akainama, akabandua kitu kilichokuwa bado kimeng'ang'ania waya. Kibanio cha nguo. Tukakitazama wote wawili. Nikamwambia, ndugu yangu, nisitiri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema atanyamaza kwa sharti moja: nitangaze kwenye maiki kwamba yeye si mwizi.

Nimetimiza. Watu wakipiga picha, nikashika maiki nikasema Antena si mwizi, namwomba radhi kwa moyo wote. Nilisema mara mbili. Kitufe cha sauti nilikuwa nimekishusha mpaka chini kabisa. Antena alikuwa mbali, akaona midomo, akanipungia mkono.

Mwenyekiti kanipa mkono wa pongezi. Funguo ziko mfukoni. Nimezipapasa njia nzima.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mwenyekiti kaagiza sita kama ule wa bluu. Ile chenji imetoka mafichoni, na ya kwangu kidogo juu yake. Kumbe wa bluu ni ule ule mkia wa panya wa dukani! Mama wa miwani kanirudia hadithi yake ya duara pana. Nikaitikia yote. Mtu akiitikia, anaachwa aende.

Maana siri nimeshaigundua mwenyewe. Nyaya nilizozitunza chumba cha mitambo, nikazikunja na kuzikaza kwa mkono wangu mwenyewe, zote zimekufa. Huu wa bluu haukukunjwa hata siku moja, ulibebeshwa mashuka mabichi mwaka mzima, na ndio mzima. Hesabu rahisi kabisa. Ni sabuni.

Nimezianika zote sita uani. Mashuka ya Jumamosi nimeyafua mwenyewe, kwa amri, nikaongeza mablanketi ili uzito utoshe. Mifuko ya plastiki nimekataa, vichwa navyo vipate haki yao. Mama watoto kasimama mlangoni, anauliza kama nina homa.

Tone la kwanza la mvua. La pili. Anapiga kelele nikatoe nyaya za watu. Sitoi kitu. Nimekaa kibarazani na chai yangu, nazitazama zinavyokomaa.