Jinsi Jicho la Kushoto la Chongo Lilivyofumbuka

Ni nini kinachomfanya mtu mwenye akili timamu, aliyezaliwa katika bonde ambalo masika hugeuza njia kuwa mito na mito kuwa bahari, alipende kwa moyo wake wote gari ambalo tumbo lake liliundwa karibu na ardhi kuliko tumbo la bata? Jibu la swali hilo nimelitafuta katika maktaba ya chuo, nimelitafuta kwa wahadhiri wangu, nimelitafuta hata machoni pa shangazi yangu alipokuwa amelala chali chini ya gari hilo huku oili ikimdondokea kidevuni, na hadi ninaposhika kalamu hii sijalipata.

Lakini enyi watu wa Mlabani, nanyi wa Mofu mliorejea na kambare wenu, nanyi wa Namawala mliozoea watafiti hata mbu wenu wakajulikana kuliko wenyeviti wenu, zimeni pawatila zenu za kulimia, wekeni majembe chini, sogezeni vigoda. Nina habari ya tendo lililotendeka katika uwanja wa nyuma ya nyumba ya Bibi Paskazia, nyanya yangu mzaa baba. Na ikiwa tendo hilo litasahauliwa, basi sioni lipi jingine linalostahili kukumbukwa.

Sikieni kwanza sifa za shujaa. Ni Brigita binti Paskazia, fundi cherehani wa Mlabani, Mkata Kitambaa Bila Chaki, Mwenye Sindano Isiyokosea Tundu, ambaye mabibi harusi wa kata nzima wamepita mikononi mwake wakiwa na wasiwasi wakatoka wakiwa na mikia ya shela. Naye ndiye mmiliki, mlezi na daktari wa Toyota Selika ya milango miwili, nyekundu kama pilipili iliyoiva, gari la spoti la enzi za ujana wake, alilouziwa na mtafiti mmoja aliyemaliza kuhesabu mbu akarudi kwao.

Na ajabu ya gari hilo ilikuwa macho yake. Taa zake za mbele hazikai wazi kama taa za magari ya wanyonge. Hulala ndani ya boneti zimefumbwa, na dereva anapozihitaji huinuka zote mbili pamoja, taratibu, kwa fahari, kama macho ya kiboko anayechungulia juu ya maji ya Kilombero.

Wenye magari ya namna hiyo duniani kote huyashusha hadi yafagie barabara. Shangazi Brigita aliliinua la kwake. Aliling'oa springi zake za kifalme akalivika springi za pikapu iliyostaafu, na mafundi walipomcheka alisimama juu ya tairi akanena: "Wenye lami na washushe! Mimi nina matope, na matope hayaheshimu ukoo wa gari." Kisha akavishonea viti vyake kitenge cha maua ya njano, akavitia pindo, na tangu siku hiyo hakuna mfalme aliyewahi kuketi pazuri kuliko alipoketi Shangazi akienda kununua vifungo.

Basi masika yalipokwisha, jicho la kushoto lilikataa kufumbuka. La kulia liliinuka likang'aa. La kushoto likabaki limelala kama mlinzi aliyeshiba. Mji haukuhurumia. Madereva wa bodaboda wakaligeuza jina, wakaliita Chongo, na kila lilipopita kijiweni kwao mmoja alipaza sauti: "Shangazi, mwambie mwenzako aache kunikonyeza, mimi nina mke!"

Hayo yote Shangazi angeyavumilia, lau si harusi ya dada yangu Eveline. Maana Eveline tangu utotoni alikuwa ameahidiwa kwenda kanisani kwa gari hilo, na harusi, kama mjuavyo, haiongozwi na mapenzi bali na kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Haidari, jirani yetu, muuza mabati na misumari, Mwenye Kanzu Isiyokunjamana, mtu wa haki katika mizani na mkali katika ajenda. Na lazima mjue kwamba kati ya nyumba yake na nyumba ya nyanya yangu palikuwa na ubaridi uliodumu tangu kabla ya mvua. Bibi Paskazia alianika mbegu yake ya mpunga, ile ya Shingo ya Mwali aliyoitunza kama wengine watunzavyo dhahabu, na nyingi ikatoweka. Akatoa hukumu bila kesi: ni kuku wa Haidari. Toka hapo Mzee Haidari alipomwamkia, "Shikamoo, Mama," marahaba aliyorudishiwa ilikuwa fupi kiasi cha kukata kidole.

Jumapili, harusi ikiwa ni Jumamosi, kamati ilipoketi kuamua gari la bibi harusi, Mzee Haidari alisimama, akarekebisha kofia, akanguruma kwa upole:

"Bi Brigita, sina vita na gari lako. Lakini msafara wa harusi huwasha taa, na gari la bibi harusi ndilo huongoza. Je, tuongozwe na jicho moja? Watu wakituona kwa mbali watasema nini? Watasema ni pikipiki imebeba shela!"

Kamati iliangua kicheko. Hata katibu aliacha kuandika ili acheke kwa mikono yote miwili. Wendelin, mjumbe mwenye gari jeupe lisilo na dosari wala tabia, alipangusa machozi akasema, "La kwangu lipo. Taa nne, kiyoyozi, na halikonyezi mtu."

Nilimtazama Eveline. Alikuwa ameinamisha uso juu ya sambusa yake, na sambusa ilikuwa inalowa.

Ndipo Brigita binti Paskazia akainuka, na kiti chake kikaanguka nyuma yake kwa kishindo, akaweka nadhiri ambayo hakuna aliyemwomba aiweke:

"Njooni Alhamisi alasiri uwanjani kwetu, kamati nzima. Jicho la kushoto lisipofumbuka mbele ya macho yenu, Eveline apande gari la Wendelin, nami nitamwita mnunuzi wa vyuma chakavu amchukue Chongo kabla jua halijazama."

"Shangazi!" nililia.

"Nimeshasema," akanijibu kwa sauti ndogo, na nikaona kwamba yeye mwenyewe ameogopa alichokisema.

Vita vikaanza. Akashambulia kwanza ngome ya fyuzi, akazitoa moja moja, akaazima fyuzi ya honi akaitia kwenye jicho. Jicho likalala, na honi nayo ikawa bubu. Akageukia nyaya, akazifuata kwa vidole vyake vya ushonaji kutoka kwenye swichi hadi mbele, akiziunganisha kwa uangalifu wa mtu anayeshona ukosi, jicho likalala. Lakini safari hiyo, swichi ilipobonyezwa, mota ya jicho iliguna ndani ya boneti kama mzee anayeamshwa kabla ya wakati wake.

"Umesikia?" Shangazi akanishika mkono. "Ana nguvu. Ana nia. Kuna kitu kimemkamata."

Mimi, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba maarifa ya wanadamu ni mali ya wanadamu wote, niliingia kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa magari hayo na kueleza ugonjwa wetu. Mtu wa nchi ya mbali akanijibu kwamba dawa ni moja tu: kununua jicho zima jipya, pamoja na mota yake.

Shangazi alisikiliza, akapangusa spana kwa aproni. "Mshukuru sana. Kisha mwambie kwamba kwetu mtu akiumwa jino hatumnunulii kichwa."

Alhamisi ikafika, na jicho lilikuwa bado limefumba. Kamati iliingia uwanjani kwa mstari, Mzee Haidari mbele, na kwa kuwa katika nchi yetu hata vita haviruhusiwi kuanza kabla ya salamu, wakaulizana habari za nyumbani, za kazi, za mafua na za mvua, wakapewa viti na maji ya kunywa, ndipo uadui ukaendelea.

"Tuko tayari kushuhudia, Bi Brigita," akasema Mwenyekiti.

"Au tumpigie simu mtu wa vyuma?" akauliza Wendelin. "Namba yake ninayo."

"Ikae humo humo kwenye simu," Shangazi akasema bila kumtazama.

Akafungua boneti. Akakishika kirungu kidogo kilicho nyuma ya mota, ambacho waundaji walikiweka ili jicho liinuliwe kwa mkono siku ya taabu, akakizungusha. Kikagoma. Akakizungusha tena, mishipa ikimtoka shingoni; kikalegea kidogo, kisha kikarudi kilipokuwa, kana kwamba kuna mkono upande wa pili unaovuta.

Nilimwona akisimama kitambo na kiganja chake juu ya rangi ile nyekundu. Eveline alikuja akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, si lazima. La Wendelin pia ni gari."

"Usirudie neno hilo mbele yake," Shangazi akasema, nami sikujua kama alimaanisha mbele ya Wendelin au mbele ya Chongo. "Nipe bisibisi."

Nikampa. Akafungua skrubu za kifuniko cha jicho. Zilizotii zilitii, moja yenye kutu ilipinga, ikalowekwa mafuta ya cherehani, ikabembelezwa, ikatukanwa kwa Kipogoro, ikatoka. Kifuniko kikanyanyuka. Kamati nzima ikasimama kwenye viti vyake ikanyoosha shingo.

Ndani ya tundu la jicho, katika vumbi lililogeuka udongo na udongo ulionyweshwa na masika yote, palikuwa pamestawi kitalu cha mpunga.

Kilikuwa kitalu kamili, enyi wakulima wa Kilombero! Miche mirefu, myembamba, ya njano kwa kukosa jua, imeshonana kama nywele. Na mizizi yake ilikuwa imeuzunguka mkono wa chuma unaoliinua jicho, ikausokota na kuufunga kwa uaminifu ambao kamba ya duka haina.

Kisha Bibi Paskazia, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akainuka akaja polepole, watu wakimpisha. Akainama juu ya boneti. Akaugusa mche mmoja.

"Mbegu yangu," akasema.

"Mama," Shangazi akasema, na kila herufi ilikuwa na uzito wake, "ulianika mbegu juu ya gari langu?"

"Lilikuwa limekaa tu. Ni pana, lina joto. Mbegu ilikauka vizuri sana."

"Na turubai la kuanikia lilikuwa wapi?"

Bibi Paskazia akajinyoosha, na ingawa kimo chake hakizidi bega la binti yake, ilionekana kana kwamba anamtazama kutoka juu ya paa. "Turubai langu ulilitandika chini ya gari ukalilalia, likajaa oili. Ulitaka mbegu niianike wapi? Kichwani?"

Shujaa wetu, aliyezipiga vita fyuzi na nyaya bila kurudi nyuma, alirudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo ilipoinuka sauti ya Mzee Haidari.

"Wajumbe wa kamati! Naomba iandikwe. Tangu kabla ya mvua kuku wangu wameitwa wezi. Nimewafungia bandani kama wafungwa, jogoo wangu amekonda, nami nimekuwa nikipita mlango wa nyumba hii nikiinamisha kichwa kama baba wa majambazi. Leo Mwenyezi Mungu amewatoa hatiani!"

Bibi Paskazia alimgeukia. Sote tulijua kwamba neno lililohitajika ni gumu kwa mtu wa umri wake, na kwamba hakuna awezaye kumlazimisha.

"Haidari, mwanangu," akasema. "Niliwasingizia. Unisamehe. Na hao kuku uniombee radhi."

"Shikamoo, Mama," Mzee Haidari akasema, akishika kofia yake.

"Marahaba, baba. Marahaba sana. Wafungulie, waje hapa, nitawapa pumba mwenyewe."

Shangazi hakungoja zaidi. Aliing'oa miche kwa vidole, mzizi baada ya mzizi, akimkabidhi mama yake mkononi kama mtu anayerudisha mateka. Akalifagia tundu kwa brashi ya cherehani, akaupaka mkono wa chuma mafuta, akakifunga kifuniko. Kisha akaingia garini, akaketi juu ya maua yake ya njano, akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza swichi.

Mota ikaguna. Kifuniko kikatikisika. Na tazameni! Jicho la kushoto likainuka pamoja na la kulia, sawasawa, hatua kwa hatua, kama mapacha wanaoamkia wageni, likasimama, likawaka, na mwanga wake ukatua juu ya kanzu ya Mwenyekiti.

Vigelegele vilipasuka uwanjani hadi kijiwe cha bodaboda kikanyamaza. Eveline alilikumbatia boneti. Katibu aliandika, akafuta, akaandika tena kwa herufi kubwa. Mzee Haidari alipiga makofi juu ya kichwa chake akatangaza kwamba amehudhuria harusi nyingi, misiba mingi na uzinduzi wa visima, lakini jambo kama hili hajaliona. Basi na wafundishwe wanafunzi: palikuwa na zama za jicho kufumba, na zama hizo zilikoma Alhamisi ile.

Wendelin ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi duniani. Akalizunguka gari, akalipigapiga paa kwa kiganja. "Sawa, nimekubali, limeshinda. Kilichobaki ni dereva. Bi Brigita, wewe siku hiyo utakuwa na mambo ya nguo, na umri nao... mnisamehe, lakini msafara unahitaji mwanamume wa kuushika usukani. Naweza kujitolea."

Kamati ikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Shangazi. Shangazi akazima taa, na macho yote mawili yakashuka yakalala. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akapangusa mikono yake.

"Gari haliuzwi kwa mtu wa vyuma, na usukani hauazimwi," akasema. "Jumamosi naendesha mimi. Eveline atakaa mbele."