Ufalme Uliokuwa Chini ya Uwanja wa Netiboli

Kwa Mjomba, Mpima Ardhi,
Nyumba ya geti la kijani, mtaa wa nyuma yetu.

YAH: WEWE KUFIKA SHULENI KUUTETEA UFALME WANGU

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na darubini yako ya kupimia. Naandika kwa sababu mdomoni maneno yangu hukwama, nawe unajua. Mara ya mwisho hayakukwama, na ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Utakumbuka ile Jumapili uliyokuja kula kwetu, ukatusimulia maandiko ya kanisa lako jipya la Wamormoni: watu wa kale waliovuka bahari hadi Amerika, wakajenga miji, wakawa na farasi na panga za chuma, na habari zao zikaandikwa kwenye mabamba ya dhahabu. Kijana mmoja akayafukua kilimani, akayatafsiri, kisha malaika akayachukua. Mimi nikauliza tu mifupa ya hao farasi iko wapi. Ukanijibu kutoka kwenye vijitabu vyako vya utetezi, jibu juu ya jibu, mpaka mchuzi ukapoa. Nilipouliza tena, uliweka kijiko chini ukasema, "Siku hizi umekuwa mkubwa sana," ukaondoka. Tangu hapo Jumamosi zinapita bila wewe kuja kunichukua nikakushikie fito ya kupimia.

Mjomba, na imani yako sina neno. Wale vijana wawili wenye tai, wamisionari wa kanisa lako, walitupandishia kabati ngazini bila kuombwa, na mama bado anawasifu. Neno langu liko kwenye yale majibu. Niliona si haki kuyakataa kabla ya kuyajaribu. Kwa hiyo mwalimu wa historia alipotuagiza tuandike historia ya eneo la shule, niliandika kwamba chini ya uwanja wa netiboli palikuwa na ufalme mkuu wenye jeshi la farasi na magari ya vita. Kisha nikautetea kwa majibu yako. Yaliyonipata ni haya:

1. Mwalimu aliuliza farasi wameenda wapi. Nikajibu kama ulivyonijibu wewe, kwamba huenda wazee waliita "farasi" mnyama mwingine kabisa, na nikapendekeza mbuzi. Akauliza kama mbuzi anaweza kukokota gari la vita. Nikamwambia maandishi yangu hayakusema gari lilikokotwa, yalisema lilikuwepo. Darasa zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni jirani yangu wa dawati, ambaye ni shahidi wangu (tazama namba 4).

2. Mwanzoni ufalme wangu ulienea wilaya nzima. Mwalimu akakumbusha kwamba shimo la vyoo vipya lilichimbwa mpaka kwenye mwamba, na kilichopatikana ni kandambili moja ya mguu wa kushoto. Nikaupunguza ukawa uwanja tu. Akasema hata uwanja ulichimbwa walipoweka nguzo. Nikausogeza nyuma ya goli. "Ukiendelea hivyo," akasema, "utabaki na ufalme wa mchwa." Nilitaka kumwambia kwamba na wewe ulianza na bara zima ukaishia kwenye kipande chembamba cha ardhi ambacho watetezi wenyewe hawajakubaliana kiko wapi, lakini nilikuonea aibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpaka usio na jiwe ni maneno ya majirani. Uliwahi kumrudisha mzee mmoja nyumbani kwake analia, kwa sababu jiwe lake halikuonekana.

3. Ulisema maandiko yale yana sentensi zinazokwenda mbele kisha zinarudi kinyumenyume kwa mpangilio uleule, na kwamba huo ni ushahidi wa ukale. Nilitafuta mpangilio huo hapa shuleni nikaupata ukutani jikoni: "Nawa mikono, chukua sahani, kula, ukishakula, rudisha sahani, nawa mikono." Nilimweleza mpishi kwamba huenda maandishi hayo ni ya karne nyingi. Akaniambia ameyaandika mwenyewe kwa mkaa, baada ya sahani kupotea.

4. Kwa kuwa mabamba yako yana mashahidi watatu walioapa kuyaona, nami nilileta watatu waliotia saini kwamba waliona nakala ya kale ya habari za ufalme wangu niliyoifukua. Walipohojiwa, mmoja alisema aliiona kwa macho ya moyo. Wa pili aliinyanyua ikiwa imefunikwa kitambaa. Wa tatu ni huyo jirani yangu wa dawati. Tumegombana kwa ajili ya kifutio, hatusemezani, lakini hajaukana ushahidi wake, jambo ambalo kwa mujibu wa vijitabu vyako linamfanya awe shahidi bora kuliko wote. Mwalimu anasema linamfanya awe mkaidi.

5. Alipotaka kuiona nakala yenyewe, nilisema imechukuliwa. Hakuniuliza na nani.

6. Nikabaki na jibu lako kubwa, kwamba mtu asiye na elimu hawezi kutunga kitabu kirefu namna ile. Mwalimu akaniangalia kwa huruma akasema, "Wewe wanaokuita Maktaba?"

7. Mwisho nikamwambia kutoonekana si kutokuwepo. Akachukua kalamu nyekundu akaandika sifuri, akasema, "Basi hata alama zako zipo, ila hazionekani."

Kwa hayo yote, naomba ufike shuleni Ijumaa, baada ya kengele ya mwisho, ukae kwenye kile kiti kifupi mbele ya mwalimu, uutetee ufalme wangu kwa majibu yaleyale uliyonipa mimi. Ukiona haya kuyasema, au ukicheka ukifika kwenye mbuzi, nitaomba unieleze kwa nini mezani kwetu hukucheka.

Nisalimie mkaza mjomba, wanao wote, na wale vijana wenye tai. Waambie kabati limetulia. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama ninakuandikia.

Wako katika vipimo,
Mpwa wako, mshika fito.

Nyongeza: Mwalimu hajakuita. Amenipa mpaka Jumatatu niandike historia nyingine, na nimeshaianza, ya kandambili. Ila kila Jumamosi asubuhi naisimamisha fito mlangoni, yenye rangi nyekundu na nyeupe, ili ukija tusichelewe. Mama ameniuliza nina ushahidi gani kwamba utakuja. Nikamwambia sina. Akasema, "Basi irudishe stoo." Sijairudisha, Mjomba. Kutoonekana si kutokuwepo.