Nilivyopepeta kwa Niaba ya Mama Ruthu

Jumatatu, 14 Julai
Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wetu wa wauza nafaka hapa Majengo, ametangaza kuwa kizimba cha barabarani kiko wazi. Jumamosi tutashindana kupepeta. Atakayemaliza debe la uwele mapema, likiwa safi, ndiye atakayekipata. Jina moja kwa kila familia. Sisi tuko nyuma, jirani na choo, mteja hafiki mpaka apotee njia. Nimeandika jina langu papo hapo. Mke wangu, Mama Ruthu, alikuwa mashineni anasaga.

Jumanne, 15 Julai
Nimeipitia orodha. Wanaume tisa, mwanamke hakuna! Ajabu, maana wanaopepeta kila siku ni wao. Sisi tunapakia magunia na kubishana. Nimewauliza akina mama. Wamesema kushindana hadharani ni kujitafutia maneno, ukishindwa utachekwa mpaka mvua zinyeshe. Mimi wazo la kushindwa halikunijia. Wala la kwamba sijui kupepeta.

Jioni Mama Ruthu akaniuliza, taratibu, kama jina linaweza kubadilishwa. Yeye hupepeta debe zima huku anaongea na watu watatu. Nikamwambia mashindano yana presha, asijitese. Akasema sawa, Baba Ruthu, akaendelea kuosha sufuria. Nikajua ameridhika.

Alhamisi, 17 Julai
Mazoezi uani nyumbani kwetu Nkuhungu, geti nimelifunga. Uwele umemwagika, pumba zimebaki kwenye ungo. Kuku wa jirani wameshiba. Mama Ruthu akataka kunielekeza mkono, nikamwambia kila mtu ana staili yake.

Sokoni, Seleman, mmoja wa wale tisa, kafuta jina lake na kuandika la mkewe, Sabiha. Eti Sabiha alikataa siku mbili, mpaka Seleman akamwambia kama ni kuchekwa watachekwa wote wawili. Nimemcheka Seleman mbele za watu.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu. Upepo uligeuka, pumba zote machoni. Sijafika nusu ya debe, Sabiha alishamaliza na anajifunga kanga upya. Mzee Bartolomayo alichungulia debe langu lililojaa pumba akauliza kama nafuga mbuzi.

Kizimba kakipata Sabiha. Alipopewa nafasi ya kusema, akasema aliyemfundisha kupepeta ni Mama Ruthu, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumpita hata siku moja. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Ruthu alimpigia makofi shoga yake. Kisha akaja, akauchukua ungo mikononi mwangu, akalimaliza debe lile kwa dakika chache.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani sikusikia mahubiri. Najuta. Mwaka mwingine mzima karibu na choo, na aliyetuweka huko ni mimi. Nimemwomba msamaha. Akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Halafu akasema kizimba kingempendeza, ila zaidi alitaka aulizwe. Nimelia kidogo, nikasingizia pumba. Nimeapa sitamwamulia tena jambo lake lolote.

Jumanne, 22 Julai
Akina mama wa sokoni wamekuja, Emiliana akiwa mbele. Wanataka Mama Ruthu agombee ukatibu wa chama chetu, na safari hii wako tayari kumuunga mkono hadharani. Mwenyewe alikuwa Chang'ombe kwa dada yake. Nikawaeleza kwa upole kwamba uongozi una maneno mengi, na mke wangu ni mtu wa amani, atataabika bure. Wakatazamana, wakaacha fomu mezani.

Mwisho wa kuirudisha ni leo saa kumi. Ingekuwa dhambi kuiacha ipotee. Nimeijaza jina langu.