Kambale wa Lukumani na Suruali Yake

Kwa maneno, hakuna mvuvi wa kumfikia Lukumani wa Isevya. Eti perege wa bwawa la Igombe wakisikia baiskeli yake inakuja, huanza kuagana! Mimi jirani yake nasema tu: wakishaagana, hatuwaoni.

Wiki iliyopita mama mkwe wake, Mama Gaudensia, alifika kutoka Puge kuhakikisha kwamba binti yake hakuolewa na mdomo. Lukumani akampiga marufuku mkewe Yustina kuchinja jogoo.

"Kuku ni wa wageni wa kawaida! Mkwe wangu atakula samaki."

Tukaenda bwawani, mimi na yeye. Jua likatuchoma hadi mchana, ndoano kavu. Mara kambale akanasa! Kusema haki, alimtoa mwenyewe. Ila kambale anateleza, na gunia Lukumani kalisahau nyumbani. Akavua suruali, akaifunga miguu mafundo, akamtumbukiza samaki humo na kukaza kiuno kwa mkanda. Akabaki na shati fupi na chupi iliyochoka.

Kisha akapiga simu. "Yustina! Mwambie mama nimepata samaki kama mbuzi! Songa ugali!"

Akaiacha suruali ukingoni, akaingia majini kunawa tope. Kambale, kama hujui, hutambaa kwenye matope.

"Suruali yako inaondoka," nikamwambia.

"Acha utani wako."

"Haya."

Alipogeuka, suruali ilikuwa inazama. Akaipigia mbizi, akaibuka na magugu. Nikamhurumia, kwa kweli, lakini kicheko kilinizidi.

Alikuwa bado anapiga mbizi bodaboda iliposimama ukingoni. Yustina akashuka, na nyuma yake Mama Gaudensia. Simu ile ilikuwa imemtia hamu, hakuweza kungoja nyumbani.

Lukumani akazama hadi shingoni. Kwetu ukikutana na mama mkwe unampisha njia kwa heshima. Ukiwa huna suruali, hakuna utaratibu uliowekwa.

"Shikamoo, mama!" kikasema kichwa.

"Marahaba, baba. Mbona huko? Toka tusalimiane."

"Hapa pananitosha, mama. Maji matamu."

"Na huyo samaki kama mbuzi?"

"Yupo, mama. Ametoka kidogo."

Yustina akajifunika uso kwa kanga. Mama Gaudensia akakaa kwenye jiwe, miguu kainyoosha. Haraka hakuwa nayo.

Ndipo Alois, mvuvi wa nyavu, akapiga kelele kutoka kwenye mtumbwi wake. "Jamani! Nani kapoteza suruali? Nimeinasa, na inarukaruka!"

Akaileta ukingoni, akafungua mkanda. Kambale akachungulia kiunoni, sharubu nje. Urefu wake ulikuwa wa mwiko wa ugali.

Mama Gaudensia akamtazama samaki. Akakitazama kichwa majini. Akamtazama tena samaki.

"Yustina mwanangu, hebu nionyeshe vizuri. Mkwe wangu ni yupi hapa? Maana aliyevaa suruali ni huyu."