Jicho Lililohifadhiwa kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba

Ajira imenifuata yenyewe. Dokta Felisita, mtaalamu wa fizikia kutoka chuo kikuu, ametua shuleni kwetu Bariadi na mapipa mawili meusi na tyubu mbili za kioo zinazofanana na balbu zilizonenepa. Mkoa wa Simiyu utawekewa vituo sita vya kunasa chembe zinazoanguka kutoka angani. Anatafuta mtu wa kubuni kifuniko cha kuishikilia tyubu ndani ya pipa la maji. Atakayeshinda anapata mkataba wa miaka mitatu. Tunaoshindana ni wawili: mimi Bujiku, kibarua wa maabara mwaka wa tisa huu, na Januarius, kibarua wa mwaka wa pili, anayepiga pasi hadi soksi.

Dokta akaeleza. Chembe ikipita majini huacha mwanga hafifu mno. Tyubu hunasa punje moja ya mwanga huo na kutoa elektroni moja. Elektroni hiyo hugonga kibati, zikatoka nne. Nne zikagonga kibati cha pili, zikatoka kumi na sita. Vibati viko kumi, mwisho zinatoka milioni. Nimefuga ng'ombe tangu utotoni na sijawahi kuona zizi la namna hiyo.

Kisha akasema tyubu hii ni jicho, na jicho hili lisione mwanga. Likiwashwa likaona jua, limekufa. Nikauliza mara mbili: jicho la kuona mwanga lisione mwanga? Akasema ndiyo. Januarius akaandika kwenye daftari kana kwamba ameelewa.

Mimi nimebuni kifuniko chenye kidirisha. Usipoweza kuchungulia, utajuaje kama jicho linafanya kazi? Kioo nimekitoa kwenye fremu ya cheti changu cha ubatizo. Juu yake nimeweka kipande cha boksi kama pazia. Pia nimechongesha muhuri: BUJIKU, MHANDISI WA ANGA.

Jumanne, 2 Septemba

Januarius ameliweka pipa lake maabara, wazi kabisa, na kifuniko cha mpira wa tairi. Ananitazama sana. Najua anataka kuniibia kidirisha.

Nikapata akili. Nimelipakia pipa langu kwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, hadi Zagayu, nyumbani kwa wakwe zangu. Nani ataiba kitu kwenye mji wa mama mkwe wa mtu? Hata mimi mwenyewe siingii. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hamkutani njiani, hamli pamoja, wala hutamki jina lake. Siliandiki hata humu.

Nilisubiri nje ya ua wa minyaa mpaka alipokwenda kisimani. Nikaingia mbio, nikatua pipa chini ya upenu, nikajaza maji yaliyochujwa mara tatu, nikatundika kisanduku cha kuhesabia ukutani. Kisanduku kikaonyesha sifuri. Nikajua bado kinajipanga.

Jua lilipokuwa linashuka nikasikia mapigo: ta, ta, ta. Chembe za angani hizo. Nikahesabu kwa kalamu, mia mbili na kumi na mbili. Nikampigia Januarius kumjulisha. Akauliza kama upenu ule umeezekwa kwa mabati. Nikamwambia ndiyo, mapya kabisa. Akakata simu. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimerudi Zagayu saa nne asubuhi, nikachungulia katikati ya minyaa. Mama mkwe amekifunua kifuniko, jicho langu linaning'inia juani kama kuku aliyechinjwa, naye anateka maji kwa kata. Maji yaliyochujwa mara tatu. Anasongea ugali.

Nimpigie kelele? Mkwe hapigiwi kelele. Niingie? Haingiliki. Nikakohoa. Akatazama minyaa, akageuka upande mwingine kwa adabu, kama inavyotakiwa, akaendelea kuteka. Alipomaliza akalifuta jicho kwa ncha ya khanga, akalirudisha.

Nikakaa chini ya mti wa jirani na sikujua nifanye nini. Mkataba wangu umepikwa ugali. Nyumbani nimekwisha kumwambia Kabula, mke wangu, kwamba kibarua kimekwisha, sasa ni mkataba. Ameshawaambia wanakwaya wenzake, na mmoja amekwisha kuniita mhandisi.

Nikampigia Kabula amwambie mama yake chombo kile kisione mwanga. Baada ya muda akanipigia kuniletea majibu: mama anauliza kwa nini watu waliosoma hawasemi mapema. Angelikandika tangu jana.

Kukandika nini? Sikuelewa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeelewa. Mama mkwe amekandika kifuniko chote kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kama anavyoziba ghala la mtama. Amemwambia Kabula kwamba mahali fukusi hapiti, jua litapita wapi.

Na kidirisha changu amekikandika pia. Hakuna hata dalili kwamba kilikuwapo.

Alipokwenda kisimani nikaingia kukagua hasara. Kisanduku bado sifuri. Nikakitazama kwa makini na kugundua kwamba swichi sijaiwasha tangu Jumanne. Kwa hiyo jana jicho lilikuwa limelala lilipoanikwa, halikudhurika. Uzembe wangu umeniokoa, na nimeamua kuuita tahadhari. Lakini sasa yale mapigo mia mbili na kumi na mawili yalikuwa ya nini? Nikawasha swichi. Namba zikaanza kukimbia zenyewe, bila ta hata moja. Juu yangu bati likafanya ta.

Sikutaka kulifikiria zaidi.

Linaloniuma ni kidirisha. Dokta anakuja Jumamosi kukagua ubunifu. Ataona samadi. Atauliza huyu mhandisi alibuni nini.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango wa leo ulikuwa mzuri. Hilo nalisema tena, ulikuwa mzuri.

Nilihitaji mama mkwe aondoke nyumbani muda wa kutosha nikibandue kidirisha. Kabula alipokuwa anafua nikachukua simu yake, nikamwandikia mama yake kwamba naumwa, njoo Bariadi. Desturi inakataza kusema na mkwe. Kuhusu ujumbe wa simu haijasema kitu, na tena ulitoka kwa Kabula. Nikaiweka simu mfukoni asije akaharibu, nikapanda bodaboda.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa upenuni na msumari. Samadi ikikauka ni saruji. Nilikuwa nimepata tundu la kuingiza ncha ya kalamu, namba za kisanduku zikaanza kupanda kama kichaa, nikafurahi kwamba chembe zimeongezeka. Nikasikia hatua. Mama mkwe amerudi. Alikuwa amefika barabarani, akakumbuka dawa ya mizizi ya mwanawe.

Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na ndipo aliposimama. Nikaruka kwenye kizizi cha ndama, nikalala kati yao. Ndama mmoja akaanza kunilamba sikio.

Mama mkwe akasimama langoni, akatoa simu, akampigia Kabula kumuuliza hali. Simu ikalia mfukoni mwangu.

Ililia mpaka mwisho. Akapiga tena, ikalia tena. Ndama walishtuka wote isipokuwa yule wa sikio. Kisha nikamsikia akigeuka kutazama minyaa na kuwaamkia ndama kwa salamu yetu ya jioni, mwadila. Akawaambia ndama kwamba inaelekea Kabula ni mzima, anamshukuru Mungu. Akawaambia kuna viazi vitamu juu ya jiwe, kwa yeyote aliyetoka mbali. Akawaambia yeye anaingia ndani na hatatoka mpaka asikie lango limefungwa.

Nilipokuwa nafunga lango nilimsikia anachukua kopo la samadi. Viazi nilikula njiani. Vilikuwa vitamu, na niliona aibu mpaka Bariadi.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi tulianzia kwa Januarius. Dokta akasema mpira wa tairi ni wazo zuri, ila joto la mchana linauvuta na mwanga unapenya pembeni. Nikasikitika naye kwa sauti.

Kisha Zagayu. Dokta na Januarius wakaingia. Mimi nikabaki nje ya minyaa, maana mwenye mji yumo. Januarius hakuoa hapa, kwa hiyo alipewa kigoda na viazi, akakaa karibu na mama mkwe wangu kuliko nitakavyowahi kukaa mimi.

Dokta akasoma kumbukumbu za kisanduku. Nilimsikia akisema hajaona pipa lenye giza safi namna hii, hata chuoni. Akauliza nani amebuni kifuniko. Nikanyoosha mkono. Minyaa ya hapa ni mirefu.

Mama mkwe akaeleza samadi, majivu, siku ngapi za kukauka. Dokta akaandika kila neno. Kisha akauliza kuhusu jana saa kumi na moja jioni, ambapo kwa dakika kumi na mbili hesabu ilipanda hovyo. Akasema mwanga uliingia, na kama tundu lingebaki hadi jua la asubuhi jicho lingekufa, na tyubu ya akiba hakuna.

Nikashika minyaa kwa mikono miwili. Sasa nimekwisha. Kibarua nacho kitaondoka.

Mama mkwe akajibu kwamba ni ndama. Mmoja tu, mkubwa, hajazoea zizi, lakini hana ubaya. Dokta akasema ndama huyo azuiwe kabisa kusogelea pipa. Januarius akapaliwa na kiazi.

Mkataba wa miaka mitatu wa kukandika vituo vyote sita amepewa mama mkwe. Akasema anakubali, ila atahitaji mtu mwenye nguvu wa kukusanya na kubeba samadi. Akaongeza kwamba anadhani yupo mmoja nje ya ua, kama hajaondoka.

Kwa hiyo nimeajiriwa, miaka mitatu, kwa barua. Nililia kidogo. Kabula alipouliza nikasema utomvu wa minyaa umeniingia machoni, naye akaniambia utomvu wa minyaa ungenipofusha.

Jumapili, 7 Septemba

Leo kanisani nilimshukuru Mungu kwa mama mkwe. Niliazimia kubadilika. Hakuna mipango tena.

Lakini baada ya ibada nimeitafakari kazi yenyewe na naona ina kasoro. Bosi wangu ni mtu nisiyeruhusiwa kumkaribia. Nitaleta samadi hadi kwenye ua, nitarudi nyuma, atakandika, ataondoka, nitaingia kuchukua ndoo. Sasa nitajuaje amekwisha kuondoka? Siwezi kuuliza. Siwezi kuita. Siku moja nitampiga kikumbo, na aibu hiyo hailipiki.

Kinachohitajika ni kitu cha kuchungulia. Kwenye ua hakifai, ndama wataking'oa. Ila kwenye kila kituo kipya pipa litasimama katikati ya uwanja. Kidirisha kidogo kwenye kifuniko, kingine kwa upande wa pili, mtu aliye nje anaona mpaka ng'ambo. Nimemaliza mchoro, nimeupiga muhuri. Vidirisha hivi ni vidogo kuliko kile cha kwanza, kwa hiyo mwanga utakaoingia ni wa kawaida tu.

Vioo ninavyo viwili. Kabula ameanza kuuliza nani amevua kioo kwenye picha yetu ya harusi. Nimemwambia labda ni ndama.