Malkia Niliyemng'ata Kashozi

Leo nimejiaibisha Kashozi, mchana kweupe, nyumbani kwa kina mchumba wangu. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Bukoba, maana huko najua itatiwa chumvi.

Walimu wenzangu, mnanijua. Mimi ni mwalimu wa historia, Mlutheri wa Ijumbi, na kichaa changu ni sarafu za kale. Kilianza vita vya Uganda vilipokwisha. Askari walirudi na shilingi za kule mifukoni, watu wakawa wananiuliza hii ya mwaka gani, ile ya nani. Nina kitabu kimoja cha sarafu za dunia, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Kwa kitabu hicho najiita mtaalamu. (Nilijiita. Kuanzia leo nimeacha.)

Sasa, Adventina. Kwao ni Wakatoliki wa siku nyingi. Baba yake, Novati, alifariki mwaka jana kwa ule ugonjwa tunaoutaja kwa kunong'ona. Sikuwahi kumwona. Mwenye kauli pale nyumbani ni bibi yake, mama wa marehemu, Bibi Paskazia. Yeye akikataa, ndoa hakuna. Na Bibi alikuwa na hofu moja juu yangu: kwamba sisi Walutheri hatumheshimu Bikira Maria. Leo nilikwenda ili anione, basi. Mshenga angefuata baadaye.

Njiani Adventina akanionya.

"Bojo, tafadhali, mambo ya dini usiyaguse kabisa. Wewe ongea sarafu. Bibi ana kopo lake la hela za zamani, atafurahi."

Nikafurahi mimi. Nani tena angeniweza kwenye sarafu?

Tulipokelewa vizuri sana. Nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, kahawa ya kutafuna ikazungushwa kwenye kikapu. Bibi alikaa mkekani. Kamugisha, baba mkubwa wa Adventina, alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mtu mkimya mwenye uso usioonyesha kitu. Nikainama, nikaamkia kwa Kihaya kilichonyooka. Bibi akaitikia, akanitazama viatu, akanitazama uso.

"Mwalimu, nasikia unazijua hela zote za dunia."

"Zote hapana, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya. "Ila nyingi." (Ningenyamaza hapo tu.)

Akaleta kopo la maziwa ya unga, akamwaga vilivyomo kwenye ungo. Nikaanza kazi. Heller ya Mjerumani, ina taji. Senti kumi ya Mwingereza, ile ya tundu. Heller ishirini ya shaba iliyogongwa Tabora Wajerumani walipobanwa vitani. Rupia. Shilingi mbili za Uganda, korongo huyu hapa. Kila nikitaja, Bibi anatikisa kichwa, "Kweli, hiyo aliiacha mume wangu." Nikimtazama Adventina, anatabasamu. Nikajiona tayari nimepewa mke.

Kisha nikakiona. Kipande kidogo cheusi, kimesuguliwa na miaka, kimejificha chini ya rupia. Hakikuwa duara, kilikuwa kama yai. Juu kuna alama ya kitu kilichokatika. Nikakichukua, nikakielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mwanamke amesimama juu ya mpira, mikono ameinyoosha, miale inatoka vidoleni. Kwenye kitabu changu hakimo. Nimegundua kitu!

"Hii," nikasema kwa sauti ya darasani, "ni adimu sana."

Bibi akaacha kutafuna kahawa. Nikadhani ni mshangao.

"Enhe," akasema Baba mkubwa Kamugisha taratibu. "Ni nani huyo?"

"Ni malkia, waitu. Wa Ulaya ya zamani. Mnaona anavyosimama juu ya dunia? Maana yake alitawala nchi nyingi. Na chini ya mguu kuna nyoka, huyo ni adui aliyemshinda."

"Alitawala wapi hasa?"

"Wataalamu bado wanabishana." (Wataalamu gani? Mimi na nani?)

Adventina akakohoa. Nikadhani ni moshi wa jikoni. Akanikanyaga mguu. Nikadhani ni mapenzi, nami nikamkanyaga kidogo, kwa upole.

Nikageuza upande wa pili. Herufi M, msalaba juu yake, nyota zimezunguka.

"Nyota ni majimbo yake, kumi na mawili. Na M kwa hesabu ya Kirumi ni elfu moja. Hii ilikuwa hela nzito."

"Mbona si ya duara?" akauliza Kamugisha. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Zamani mashine zilikuwa duni, waitu."

Hapo ningeiweka chini, leo ningekuwa mtu. Lakini nilisoma mahali kwamba fedha halisi hupimwa kwa meno. Nikasema, "Ngoja tuhakikishe." Nikaitia mdomoni, mbele ya wote, nikang'ata kwa gego, kwa nguvu.

Bibi akafanya ishara ya msalaba.

Akainuka, akanyoosha kiganja mbele ya kidevu changu. Nikaitema humo. Akaipangusa kwa kanga yake, akaibusu.

"Omwana wange," akasema, wala hakupaza sauti, "huyu ni Mama wa Mungu. Ni medali. Nilimvika Novati siku aliyokwenda vitani, akarudi nayo hai. Ugonjwa ulipomchukua nikaivua shingoni mwake kwa mikono hii. Kipete kilikatika siku hiyo, ndiyo maana naiweka humu koponi."

Jamani. Rozari na medali nimeziona shingoni mwa watu tangu utotoni, lakini kwa mbali. Sijawahi kumgeuza mtu medali yake nikasoma. Nilitamani nyasi zile zinifunike. Nilipiga magoti, nikasema nisamehe, nikasema tena, sijui kwa lugha gani. Kamugisha akatoka nje ghafla, tukasikia migomba inacheka. Adventina hakucheka. Alikuwa analia kimyakimya, na sikujua kama ni kwa ajili ya baba yake au kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Bibi akaketi.

"Mlutheri nilikuwa nimejiandaa," akasema. "Mlutheri anayeng'ata, sikujiandaa."

Kisha akaifunga medali kwenye pindo la kanga.

"Jumapili ni misa ya kumwombea Novati. Utakaa benchi la mbele, ubavuni kwangu, nikuone."

Nimemuuliza Adventina hiyo ni ndiyo au hapana. Anasema Bibi hajawahi kumkalisha adui yake ubavuni, lakini pia hajawahi kuona mtu aliyemng'ata Bikira Maria, kwa hiyo hajui.

Nitakwenda. Kesho tukikutana kazini niulizeni habari za nyumbani, za mvua, za migomba. Ila tafadhali, mtu asinionyeshe meno.